Miji Isiyo na Foleni

Kazi yangu ni kuwashawishi watu wasiende Paris. Naifanya nikiwa Westville, kitongoji cha Durban, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa, katika ofisi ya usafiri yenye wafanyakazi watatu na feni moja. Wateja wetu wengi walishakwenda Paris, Roma na Venisi wakarudi wamechoka. Wanasema waliona migongo ya watu. Kila mwezi nawaandikia barua ya kuwaambia kwamba badala ya Paris kuna Lille, badala ya Venisi kuna Annecy, kwamba huko vyumba vinapatikana na mhudumu wa mkahawa ana muda wa kukuuliza unatoka wapi. Miji yote hiyo sijafika. Ndege yenyewe sijapanda, uwanja wa ndege nauendea kuwapokea watu tu.

Kazi niliipata kwa bahati. Nilikuwa fundi wa simu mjini Durban. Siku moja akaja mama mmoja, mzaliwa wa Chatsworth, mtaa wa Wahindi wa Durban, kioo cha simu yake kimepasuka, akanikuta nabishana na mteja kwa Kifaransa. Alisubiri tumalize, kisha akaniomba nimpigie hoteli moja ya Besançon ambayo haikuwa ikijibu barua zake za Kiingereza. Nikapiga palepale, nikapata vyumba viwili na maelezo ya mahali pa kuegesha gari. Wiki iliyofuata alikuwa bosi wangu, na nilikuwa na meza yangu Westville. Wenzangu wawili huja kwa magari. Mimi hushuka kwenye taxi, daladala za huku, kule chini na kupanda kilima kwa miguu, shati la kazi nimelibeba kwenye mfuko.

Cha kuchekesha ni kwamba kama kuna kitu ninachokijua sawasawa maishani, ni foleni. Mimi ni mkimbizi, natokea Bukavu, na karatasi za mkimbizi lazima zifanywe upya kila mara. Najua foleni inayosogea na ile isiyosogea. Najua mtu wa kumwachia nafasi na mtu ambaye ukirudi atajifanya hajakuona maisha yake yote. Basi bingwa wa foleni nikaajiriwa kuwauzia watu miji isiyo na foleni. Mke wa rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nilicheka naye, siku hizo nilikuwa bado nacheka.

Foleni yangu kubwa ilikuwa ya kitabu cha kusafiria, kile wanachopewa wakimbizi badala ya pasipoti. Nilikiomba miaka minne kabla ya haya ninayoyaeleza, na kila nilipokwenda kuuliza jibu lilikuwa lilelile: bado. Nilikitaka kwa sababu moja. Mama yangu yuko Liège, Ubelgiji, kwa dada yangu mdogo, ambaye aliolewa huko na baadaye akafanikiwa kumtoa Mama Bukavu. Mara ya mwisho nilimwona miaka kumi na moja iliyopita, kwenye kituo cha basi, amenishikia koti langu nifunge kamba ya kiatu. Nilitaka kumwona tena angali anaweza kunishikia koti.

Bosi wangu alipotaka barua kuhusu mji mmoja wa Ubelgiji, wa watu wasiotaka msongamano wa Bruges, nilimtumia Mama ujumbe: ukitoka nje unaona nini? Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, na alifurahi kuulizwa.

“Papa, leo niko kwa soko ya dimanche, kando ya maji,” alisema. Papa ndiye mimi, kwetu mama humwita hivyo mwanawe wa kiume, na dimanche ni Jumapili. “Eh, watu beko na bata bazima mu ma-cage. Na hizi ngazi za huku, banajengeaka nani? Ma-chèvre?”

Ngazi hizo ni maarufu kidogo, zinapanda kilima moja kwa moja, mia tatu na kitu. Nilizitia kwenye barua, nikatia na mbuzi wa Mama. Bosi alisema ndiyo barua bora kuliko zote nilizoandika, na wateja wakaanza kuuliza habari za Liège. Tangu hapo kila mwezi nilimwomba Mama kitu: duka la mikate, kanisa, harufu ya mvua. Hata nilipoandika kuhusu Namur au Nancy, harufu ya mvua ilikuwa ya Mama. Sikumwuliza anaendeleaje. Yaani niliuliza, lakini kama mtu anayebisha hodi huku ameshaingia.

Mwaka jana alinitumia hii:

“Papa, chini ya ngazi iko mama moya anauzishaka mandazi chini ya parapluie ya vert. Ukichelewa, unakuta imeisha. Na kama umemusalimia muzuri, anakuongezeaka moya.”

Niliitafsiri kwa Kiingereza kizuri. Mwanamke chini ya mwavuli wa kijani, mandazi ya moto, moja la nyongeza kwa mwenye adabu. Nilijiona mwandishi hodari siku ile, na niliondoka ofisini mapema.

Wazee wawili wa Chatsworth, mume na mke, walimu wastaafu, waliisoma barua hiyo wakaenda Liège. Paris walishakwenda, walisimama nusu siku kuona picha moja na wakaona simu za watu. Waliporudi walipanda ngazi za ofisi yetu taratibu, wameniletea boksi la chokoleti. Walisema mji ni mzuri, watu wapole, stesheni ya treni nyeupe kama ndani ya yai. Kisha mume akatoa karatasi aliyochora ramani kwa kalamu ya risasi.

“Tulimtafuta mama wa mandazi asubuhi tatu,” alisema. “Tulianzia hapa, tukazunguka hapa. Nafikiri tulipotea.”

Hawakuwa wanalalamika. Walikuwa wananiomba radhi. Mke alisema labda mama yule alikuwa mgonjwa wiki ile, na kwamba alikuwa amejifunza kabisa kusema bonjour madame, kwa ajili ya lile moja la nyongeza. Aliniomba nikifika huko nimsalimie.

Walipoondoka nilimpigia Mama. Nilimwuliza yule mama wa mandazi yuko upande gani hasa wa ngazi.

“Si pale chini ya masomo yako,” akasema, ananishangaa. “Umemusahau? Ulikulaka mandazi yake mpaka unaumwa tumbo.”

Hapo nikamwona. Chini ya mteremko wa shule yangu ya msingi, Bukavu, meza ya mbao yenye mguu mmoja mfupi uliotiwa jiwe, mwavuli wa kijani uliopauka upande wa jua, na yeye mwenyewe mwenye mikono mikubwa, hakupi kitu mpaka umsalimie sawasawa. Nilikula mandazi yake miaka sita. Nimeyaandika, nimeyatafsiri, nimeyauza kwa watu wa Chatsworth, na sikuyatambua.

Nikampigia dada yangu. Alikuwa kazini, anasafisha hospitali, akatoka kwenye korido.

“Kutoka? Mama?” alisema. “Kaka, tangu baridi ya mwaka juzi Mama hatokaki. Goti. Anakaa ku kiti, karibu ya dirisha. Ngazi gani?”

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

“Ulikuwa na mambo yako ya document. Sikupenda kukusumbua. Na siku zingine iko muzuri kabisa. Siku zingine ananiuliza kama umesharudi ku masomo.”

Sikulia. Nalisema hili kwa sababu watu huuliza. Nilirudi mezani nikafungua boksi la chokoleti, nikawagawia wenzangu, nikala tatu, na sikumbuki ladha yake. Kisha kulikuwa na hoteli mbili za Nancy za kupigia kabla ya saa tisa.

Siku zilizofuata, wakati wa chakula cha mchana, nilikaa kwenye ukuta mfupi nje ya duka la dawa nikasikiliza tena sauti za Mama zote, tangu ya kwanza. Za mwanzo zina honi, mtu anacheka, Mama anahema na kukohoa. Halafu inafika moja ambayo haina chochote isipokuwa friji. Baada ya hiyo zote zina friji. Ananisimulia kanisa, maji, mvua juu ya mabati, na nyuma yake friji inaunguruma, inanyamaza, inaunguruma. Mabati ya wapi, Liège? Nilisikiliza mambo hayo mwaka mzima nikitafuta sentensi tu. Sijui kama mwanzoni alikuwa ananitungia ili nisikose cha kuandika, kisha ndipo akachanganya, au kama alichanganya tangu siku ile ya friji ya kwanza. Nikimwuliza sasa hataweza kuniambia. Nilijichukia, lakini kwa mbali, kama vile ninayemchukia ni mtu wa ofisi nyingine.

Nilimweleza bosi kwamba kuna kosa kwenye barua. Hakunigombeza, alisema tu nirekebishe ile iliyoko kwenye tovuti. Nikafungua, nikaufuta mwavuli wa kijani na moja la nyongeza, mahali pake nikaweka gaufre, vile vikate vya mirabamiraba ambavyo kweli vinauzwa Liège kila kona. Kazi ya dakika moja. Barua ikawa sahihi, na mbovu.

Kutoka siku hiyo nikawa nakwenda kuulizia kitabu changu kila wiki badala ya kila mwezi. Mlinzi wa ofisi ya wakimbizi, Mzulu mmoja mwenye miwani, akawa ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla sijafika, “Eish, my brother, not yet,” na mimi nainua mkono na kugeuka. Kwa Mama nikawa napiga kila jioni baada ya kazi. Sikumwomba tena kitu cha kuandika. Nilimwuliza amekula nini. Kuna siku aliniita papa mara tano, nikazihesabu kwa vidole. Kuna siku alinyamaza na nikaongea na friji.

Kitabu kilitoka mwezi wa sita. Mlinzi ndiye aliyeniambia, kwa dole gumba, kabla sijafika mlangoni. Visa nayo ikatoka baada ya wiki saba. Bosi alinikatia tiketi mwenyewe, wenzangu wakapiga makofi, nikasema asante na kukaa chini kumalizia barua ya mwezi. Nilisubiri furaha ije. Nilipanda taxi nikaisubiri, nilifika nyumbani nikavua viatu, bado.

Nilimpigia dada yangu, akamwekea Mama simu sikioni.

“Mama, nakuja,” nikasema. “Nimepata document. Jumanne ijayo niko huko.”

Friji. Kisha sauti yake, ya heshima sana, ile anayotumia kwa daktari na kwa padri.

“Karibu, monsieur. Munatoka wapi?”

Nilitazama viatu vyangu pale sakafuni. Dada yangu alikuwa anamwambia kitu kwa nyuma, nikamsikia Mama akimnyamazisha.

“Natoka Durban, Mama.”

“Durban?” Alichangamka. “Niko na mutoto kule. Mukubwa. Anaandikaka, hapatake nafasi. Monsieur, kama iko nafasi kidogo mu valise yenu, munileteeko ye.”

Nikamwambia sandukuni nafasi iko. Nikamwambia nitamleta.