Kazi Iliyochelewa kwa Jina la Furaha

Nakiri mapema, kabla hamjasikia kwa watu wengine hapa Gisenyi, kwamba yule mtu ambaye barua yake ya mapenzi ilisomwa ukutani mbele ya ofisi nzima ni mimi, mwenye mvi na shahada mbili, na hakuna aliyenisukuma.

Ofisi yetu inanunua viazi kwa wakulima wa Kanzenze na Nyakiriba, na kazi yangu ni kuandika ripoti, ingawa wote wananiita Mwalimu. Mwaka juzi tuliletewa programu mpya za kompyuta, na tangu hapo hakuna anayesema tena kwamba atakuandikia au atakuhifadhia kitu, watu wanataja majina ya programu tu: moja inaitwa Kikapu, ya kuwekea kazi zote, nyingine Jirani, ya kutumiana ujumbe, basi utasikia "unijirani saa ine", "ile iko kwa Kikapu", na mgeni akipita anaweza kudhani tumefungua soko. Wiki ya kwanza Claudine, anayesimamia kompyuta, aliniambia, "Mwalimu, rapport weka kwa Kikapu," nami nikaichapa, nikaibana vizuri, nikaiweka kwenye kikapu cha mapokezi (ndiyo, kile cha miavuli). Walicheka hadi saa ya chakula. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza: kuanzia siku ile, neno lolote la programu nisilolijua nitalitikisia kichwa kama mtu aliyelizoea, sitauliza kamwe.

Meza inayotazamana na yangu ilikuwa ya Furaha. Kwa miaka minne alikuwa akivuka mpaka kutoka Goma kila asubuhi na kurudi jioni, hadi kuvuka kulipokuwa na masharti mengi akaacha kazi. Mke wangu alifariki zamani, yeye hakuwahi kuolewa, na katika miaka yote minne tulizungumza kuhusu viazi. Alipenda mahindi ya kuchoma. Alikuwa anavunja hindi, anafunga nusu kwenye karatasi na kuisukuma upande wangu bila kuinua macho. Sikuwahi kumwambia neno. (Nilikuwa nangoja sentensi nzuri, ndiyo hasara ya kusoma sana.)

Jumatano moja saa ya chakula, wenzangu wametoka, mvua imelifunika ziwa lote hadi huoni Goma hata kidogo, nikafungua Kikapu kwenye ukurasa wenye jina langu. Claudine alikuwa ameshatueleza habari za ukurasa huo, nani anaona nini, nami nilikuwa nimetikisa kichwa, kwa hiyo nikauchukulia kuwa wangu peke yangu, kama droo. Programu ikauliza kichwa cha kazi, nikaandika: "Kumwambia Furaha kwamba meza yake bado iko wazi." Ikauliza kazi inamhusu nani, na nilipoandika herufi mbili tu jina lake likajitokeza lenyewe pamoja na picha (hakuna aliyekumbuka kumtoa), na kuiona ile picha kulinimaliza, nikaigusa. Ikauliza tarehe ya mwisho, haikubali kuhifadhi bila tarehe, nikaweka Ijumaa. Kisha nikayamwaga yaliyobaki kwenye nafasi ya maelezo, ukurasa mzima, nikahifadhi, nikaenda kunywa chai nikijihisi mwepesi.

Sasa lazima niwaeleze Jumatatu zetu. Madame, mkurugenzi wetu, huwasha Kikapu ukutani, na kila kazi iliyopitwa na tarehe yake hutokea kwa rangi nyekundu. Mwenye kazi husimama na kujibu maswali matatu, imefika wapi, nini kinazuia, itaisha lini, hata kama ni kazi ya kununua sabuni. Madame husoma mbiombio, bila kupumua, na Jumatatu iliyofuata akashuka hivyo hivyo na orodha yake, "magunia ya Nyakiriba, mizani ya Kanzenze, kumwambia Furaha kwamba meza yake bado iko wazi, Mwalimu."

Nikasimama.

"Ni mambo ya samani, Madame," nikasema.

Laiti ningenyamaza. Mambo ya samani yanamgusa Madame (meza hazitutoshi), akabonyeza aone zaidi, na maelezo yangu yakafunguka ukutani kwa herufi kubwa kama tangazo la mkutano wa injili. Yalisema kwamba ni mimi niliyezuia meza ile isihamishwe, nikisingizia miguu yake mibovu. Yalisema kwamba siku hizi nanunua hindi zima na nusu yake inanishinda. Yalisema pia kwamba chai nakunywa na Madame, ambaye hunywa kama mtu anayetia saini.

Mtu mmoja nyuma akasema "Yoo," polepole.

Madame alisoma hadi mwisho. Akaweka kikombe chake chini.

"Bon," akasema. "Imefika wapi?"

"Haijaanza, Madame."

"Nini iko inazuia?"

"Mpaka."

Claudine akasema bila kuinua kichwa, "Mama yangu amevuka leo asubui na karoti, Mwalimu."

Wakacheka, si kwa ubaya, na ingekuwa kwa ubaya ningevumilia zaidi.

"Basi donc haiko mupaka iko inazuia," Madame akasema.

"Hapana, Madame. Ni mimi."

Swali la tatu hakuliuliza. Akaendelea na kazi iliyofuata.

Tulipotoka nikamvuta Claudine pembeni. "Dada yangu, itoe ile kitu."

"Siwezi, Mwalimu. Kazi ukishaiweka jina ya mutu, ni ule mutu tu anaweza kuitoa. Nilieleza siku ile, na we ukatikisa kichwa."

"Ina maana yeye anaiona?"

"Iliingia kwa telefone yake Jumatano, palepale." Akafungua kompyuta, akanionyesha alama ndogo chini ya jina. "Ona. Alisoma."

"Mara moja?"

Akanitazama kwa huruma. "Mara ine."

Basi nimeapa. Neno nisilolijua nitaliuliza, hata wacheke hadi jioni, na kama nina la kumwambia mtu nitamwambia kwa mdomo wangu, wakati meza yake bado iko mbele yangu. Nimechelewa kujifunza, najua. Hii ni wiki ya saba. Furaha hajapiga simu wala hajaandika, na namba yake ninayo, naifungua, naifunga. Kila Jumatatu Madame akifika kwenye mstari ule mwekundu huuruka, anameza mate, anaendelea na wa chini yake. Nami kabla sijakaa huangalia kwanza kama upo. Ingemchukua Furaha kidole kimoja kuufuta. Jumatatu hii ulikuwepo, umechelewa siku arobaini na tano.