Dereva Yupi?

Ndugu yangu aliendesha lori la mtu ambaye Isiolo nzima ilimwita Mzee, hata watu waliomzidi umri. Majina siandiki. Wengi wao bado wako hai, na bado tunanunua unga katika duka moja.

Mzee alikuwa na kazi mbili. Moja ilichorwa kwa rangi kwenye lango lake: usafirishaji wa mifugo. Nyingine hatukuitaja. Ng'ombe waliopotea huko juu penye milio ya risasi walikuja kuonekana katika zizi lake, alama mbichi ya chuma ikiwa imechomwa juu ya alama ya zamani, na kabla kidonda hakijakauka walikuwa wameshashuka Nairobi na karatasi safi. Mtu aliyekwenda kuulizia ng'ombe wake pale alirudi kimya, au hakurudi. Serikali ya kaunti ilipokuja, na lami na taa za barabarani, watu wale wale waliomwogopa wakaanza kumwita mwekezaji. Wakampa mkasi akate utepe.

Mimi nilikuwa na hoteli ya mabati karibu na soko la mifugo. Chai, maharagwe, chapati. Shule niliacha darasa la saba, kwa sababu mama alikufa na ndugu yangu alikuwa bado anatambaa. Nilimlea kwa mandazi ya kuuza barabarani, yeye akiwa mgongoni. Alipopata leseni ya lori nilimchinjia jogoo. Alipopata kazi kwa Mzee sikuchinja kitu. Aliniuliza mbona, nikamwambia kuku wanataga.

Mke wa Mzee alitoka upande wa Merti. Aliolewa baada ya mke wa kwanza kufariki, na angeweza kuwa binti yake. Nyumba ile ikiwa na wageni niliitwa kupika chapati, kwa hiyo nilimjua vizuri kuliko wanawake wa mjini waliomsalimia kwa kuinama. Hakuwa na maringo. Aliketi nasi jikoni kwenye kigoda akichagua mchele, na alicheka kwa urahisi. Jambo moja tu lilitushangaza. Yeye hakumwita mumewe kwa jina hata siku moja. Alisema "mwenye nyumba", au "huyo", au alionyesha kwa kidevu.

Mpishi wa pilau, mama mmoja wa kutoka Maua mwenye mdomo usiofungwa, alimtania kila mara.

"Mama, sema jina ya mzee wako leo nikupatie ini."

"Kula ini yako."

"Jina tu! Mimi wangu namwita akiwa mbali, namwita akiwa karibu, na asiposikia namwita na mwiko."

Tulicheka, naye alicheka akifunika mdomo kwa shuka. Halafu alituambia, bila kutania, kwamba kwa bibi yake aliyemlea, mwanamke kutaja jina la mwanamume wake ni kama kumvua nguo sokoni. Wanaume wengine wote majina yao ni ya kuita. Yule mmoja, hapana. Alisema wasichana wa siku hizi hata kule Merti hawafuati, lakini ulimi wake ulifundishwa mapema na haukubali.

Na kweli, wanaume wengine aliwaita. Alisimama barazani akapaza sauti, na jina la mchungaji wa mbuzi, la mlinzi, la dereva, likaruka ukuta hadi barabarani. Jina la ndugu yangu alilivuta mwishoni, kwa matamshi ya kwao, na madereva wenzake walimwiga mpaka ikawa mchezo.

Siku moja nilikuwa uani pale nikiosha karai. Ndugu yangu alikuwa anaosha lori, mgongo kwetu, pamoja na dereva mwingine. Mama, kama sote tulivyomwita mke wa Mzee, akatoka barazani, akasimama. Nilingoja sauti. Hakuita. Alipiga makofi, polepole, kama mtu anayekung'uta unga mikononi. Dereva yule mwingine hakuinua kichwa. Ndugu yangu aligeuka.

Nilimwangalia alivyogeuka, nikaacha karai.

Alipokuja hotelini kula nilimweka meza ya nyuma, karibu na jiko.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mjinga. Nimekuosha matako mimi."

Alikata chapati, akaichovya, hakuila. Akaniambia. Mama yake huyo mwanamke alikuwa mgonjwa Merti, na Mzee alikuwa akimpa ndugu yangu lori ampeleke mkewe kumwona. Njia ni ndefu. Lori lilikwama kwenye mchanga karibu na mto, wakangoja msaada tangu asubuhi mpaka jua likaegemea. Walizungumza. Hakuna mtu aliyekuwa amezungumza naye kwa siku nzima tangu aolewe. Hayo ndiyo aliyoniambia, na sikuuliza zaidi, kwa sababu uso wake ulikuwa na furaha na niliona aibu kuutazama.

"Mwambie akuite jina," nikasema.

"Ati?"

"Jina lako. Aliite kama zamani. Apige kelele. Watu wana macho."

Alicheka. Alikuwa na kicheko cha mama yetu. "Dada, kila kitu pale ni cha Mzee. Nyumba, lori, hata hii shati amenunua yeye. Hiyo ya kutoniita ndiyo kitu moja yeye hana."

"Anayo. Yeye pia haitwi."

"Yeye haitwi kwa woga," akasema. "Mimi siitwi kwa kupendwa."

Nikamwambia masikio hayatofautishi. Akamaliza chai yake akaondoka.

Kifungua mimba wa Mzee, mtoto wa mke wa kwanza, alipomaliza chuo, ilifanywa sherehe. Ilikuwa Jumamosi, mchana, jua kali. Magari ya wakubwa wa kaunti yalijaa mpaka nje ya lango, na walinzi wao walikuwa wanakula kabla ya wakubwa. Jikoni tulikuwa wanawake wengi kuliko nafasi. Mama mwenyewe alikuwa kwenye kigoda chake anapanga sahani, amevaa nguo ya sherehe lakini amejifunga leso kiunoni kama sisi.

Mzee aliingia. Mwanamume haingii jikoni siku kama ile, na mpishi wa pilau alimrukia papo hapo.

"Mzee, umekosa njia? Ama unakuja kuosha sufuria?"

Mzee alicheka. Nataka niseme ukweli: alikuja kwa furaha. Alikuwa ameshika mfupa wa mbuzi mkononi, mafuta kidevuni. Alisema mgeni mmoja mkubwa amesifu nyama, ameuliza mbuzi watamu hivi wametoka wapi, na yeye amejibu ni wa Garbatulla, na mgeni anataka kumwona aliyewachagua ampe mkono. Swali lilikuwa la zawadi.

"Nani alileta hawa mbuzi?" akamuuliza mkewe.

"Dereva," akasema mama.

"Dereva yupi? Niko na madereva wengi kuliko watoto."

"Yule wa lori ya buluu."

"Lori ya buluu wanapokezana wawili."

"Yule mrefu."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya unga. Niliona kidevu cha mama kikiinuka kuelekea dirishani, uani walikoketi madereva. Kidevu kile kile alichotumia kumwonyesha mumewe.

Mpishi wa pilau alipiga mwiko kwenye sufuria akicheka mpaka machozi. "Mzee, hapo utangoja mpaka jioni! Huyu mama yenu hajui kutaja wanaume. Wewe hakutaji, sasa dereva pia hamtaji. Kwani mama umeolewa na wawili?"

Jiko zima lilicheka. Ulikuwa utani wa jikoni, wa aina tunayotupiana tangu asubuhi mpaka jioni, na aliyeusema hakujua chochote. Mpaka leo hajui. Nimekaa naye katika matanga mengi tangu siku ile na sijamwambia.

Mzee naye alicheka, halafu kicheko chake kikakatika kabla ya chetu.

"Ni ndugu yangu, Mzee," nikasema haraka, nikalitaja jina lake kwa sauti. "Ndiye alileta."

Hakunitazama. "Sijakuuliza wewe, mama chapati. Namuuliza mwenye jiko." Akamsogelea mkewe. Sauti yake ilikuwa laini. "Sema jina yake tu. Mgeni anangoja."

Wenzangu walidhani mchezo unaendelea, wakaanza kumhimiza, sema, sema, wakipiga makofi. Nami nilimwomba kwa macho. Lilikuwa jina la silabi chache. Alilipigia kelele barazani mwaka mzima. Alifungua mdomo, nikaona ulimi wake ukijaribu, na shingo yake ikatoka mishipa kama mtu anayebeba mtungi. Kisha akatazama sahani.

"Huyo dada amesema," akajibu.

Chapati yangu iliungua kwenye karai na hakuna aliyenigombeza.

Mzee aliweka mfupa wake mezani, akachukua ubavu mzima kwenye sinia la wageni. "Basi," akasema, "mpelekeeni huyo asiye na jina." Akatoka.

Nilimkuta ndugu yangu chini ya kivuli cha ukuta, anakula ubavu ule na wenzake. Nilimvuta kando, nikamweleza, nikamwambia aondoke saa hiyo hiyo, ashuke Meru kwa shangazi, asipitie nyumbani.

"Mzee amenipa nyama, dada. Mtu hakupi nyama akitaka kukuua."

"Na fahali wa Krismasi halishwi?"

Akajipangusa vidole kwenye majani. "Nikitoroka leo nimejibu," akasema. "Na atakayebaki kupigwa ni yeye. Nikikaa, ni mdomo wa mpishi tu."

Hapo nilimtukana. Nilimwambia mwanamke yule ameshindwa kusema neno moja kwa ajili yake, na yeye anataka kumfia. Alinijibu kwamba sikuelewa. Kweli sikuelewa, na sitaki kuelewa.

Juma lililofuata alitumwa Merti kuchukua ng'ombe. Alipigwa risasi akirudi, mahali ambapo barabara inapanda kutoka kwenye mchanga na dereva lazima apunguze mwendo. Ikasemwa ni majangili. Redioni wakasema majangili. Watu waliokwenda kumchukua waliniambia ng'ombe wote walikuwa juu ya lori, wamefungwa, wanalia kiu. Hakupotea hata ndama. Majangili wa Isiolo, wanaoweza kuua kwa ajili ya mbuzi mmoja, walikuwa wameacha lori zima na kuchukua dereva.

Mzee alilipia jeneza. Alileta fahali, hema, viti na vipaza sauti. Watu wa ukoo wetu waliotoka milimani walimwangalia kama malaika. Aliposhika kipaza sauti aliwasalimu Waislamu kwa salaam aleikum na Wakristo kwa bwana asifiwe, na pande zote zikaitikia vizuri. Alisema amepoteza mtoto. Alilitaja jina la ndugu yangu mara nyingi sana, kila sentensi, kama mtu anayegonga msumari.

Halafu akageuka. "Mama naye alimjua. Huyu kijana ndiye aliyempeleka kwa mama mkwe wangu, akamrudisha salama. Mama, simama. Waambie watu tunazika nani."

Hapakuwa na utani safari hii. Waombolezaji walingoja, vichwa chini, wakidhani ni heshima. Mimi niliketi mbele, upande wa jeneza, na nilijua anachoulizwa. Akinyamaza, amejibu mbele ya watu wote, na safari ya Merti ingekuwa na abiria mwingine. Moyo wangu ulitaka anyamaze. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka anyamaze amfuate, ndugu yangu asiwe amekufa peke yake kwa neno la watu wawili.

Alichukua kipaza sauti. "Salaam aleikum," akasema. Kisha akasema jina. Majina yote matatu, la kwanza, la baba na la babu, wazi, bila kuvuta mwisho, kama mwalimu anayesoma rejista. "Alikuwa dereva mzuri. Mungu amlaze pema." Akaketi, akapanga shuka lake.

Mzee alitikisa kichwa polepole kwa kukubali. Alikuwa ameridhika.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa nyumba yetu, wazee walinisukuma niende kumshukuru. Nilikwenda. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikapiga goti kidogo, nikasema, "Asante, Mzee, kwa kutusitiri." Alinipigapiga begani, akaniambia niendelee kuwapikia, nyumba yao haijapata chapati kama zangu.

Ninaendelea. Mke wa Mzee amezaa watoto wawili na amenenepa. Nikiingia jikoni anatoka, au anakaa na kuchagua mchele bila kuinua uso. Najua inafaa nimchukie Mzee, lakini Mzee aliua kwa sababu ndiyo kazi yake, kama mchinjaji. Chuki yangu yote iko kwa mkewe huyu, aliyenyamaza siku ya kusema na akasema siku ya kunyamaza. Mchungaji wa kanisa letu, niliyemweleza yote, ananiambia nimsamehe, kwamba naye amefiwa kuliko sisi na hana hata mahali pa kulia.

Huenda. Siku moja mke wa Mzee alibaki nyuma jikoni wenzangu walipotoka kwenda kuteka maji. Akasema, bila kunitazama, "Dada." Tu. Nilijua anataka nimruhusu alie. Nilichukua kibao changu, nikamwambia anipishe, natafuta mahali pa kusukuma chapati.