Chakula cha Mume wa Clémentine

Hapa Kamatanda, kwenye machimbo ya Likasi, hakuna mchimbaji asiyemjua Clémentine. Tangu asubuhi anasonga bukari, ugali wetu wa huku, na wanaume wanaotoka shimoni hula kwake mpaka wanalegeza mikanda. Mimi ni jirani yake, nauza makaa, na nilikuwa namwonea wivu kidogo. Kisha mumewe Éphraïm akarudi kutoka vitani, na wivu ukaniisha.

Éphraïm ni askari. Waasi walimkamata kule mashariki wakamshikilia miezi kumi na minne. Alipoachiliwa alirudi Likasi mifupa mitupu. Clémentine akachinja kuku, akamwandalia mezani peke yake, paja na maji ya kunawa, kama anavyostahili baba wa nyumba. Yeye na watoto wao wawili wakala jikoni. Éphraïm akala matonge mawili, akasukuma sahani. Kesho yake vilevile, na mwezi mzima vilevile.

Clémentine akaongeza nyama. Mimi, kwa kiherehere changu, nikasema ni mapepo, nikaleta mchungaji. Mchungaji akaomba kwa sauti kubwa, akamaliza kuku aliyeachwa na Éphraïm, akaenda zake. Daktari akasema hakuna ugonjwa, ila mtu huyu asipokula atakufa. Siku hiyo Clémentine alilia mbele yangu. Analisha shimo zima la wanaume, na mtu wake mmoja anamshinda.

Jumapili iliyopita alimuuliza mumewe kitu ambacho sote tulikiogopa: kule walikuwa wanakula namna gani. Éphraïm akajibu polepole.

"Tulikuwa bantu kumi ku sahani moja, mara moja ku siku. Kila muntu anakamata tonge moja, anangoya benzake bote bakamate. Sasa hapa minye niko peke yangu. Nikikula, naona kama naiba."

Clémentine akainuka. Akaishusha sahani mkekani, akawaita watoto, Reine na Octave, kisha akaniita na mimi niliyekuwa nachungulia mlangoni. Tukaketi tukala kwa zamu, tonge moja moja. Éphraïm alichukua lake, akasubiri, akachukua tena. Raundi ya tatu, ya nne. Nilikuwa nahesabu huku nimebana machozi.

Ghafla akausimamisha mkono hewani. Sote tulikuwa tumeshakula, zamu ilikuwa yake.

"Fidèle hayakamata bado," akasema. Kisha akajishtukia, akainamisha kichwa. "Alikuwa anakaa ku mukono yangu ya kuume. Alikufa na njala."

Octave aliacha kutafuna. Clémentine akakata tonge, akalichovya vizuri kwenye mchuzi, akalitia mkononi mwa mumewe.

"Hii ni ya Fidèle. Umukulie weye."

Éphraïm alilia, akalila taratibu mpaka likaisha. Kisha akanyoosha mkono, akachukua lake.