Herufi Ambayo Mwajabu Hakuisoma

Mteja akifika kwa Mwajabu kuandikiwa bango, maneno yake ya mdomo hayapokelewi. Anapewa karatasi na kalamu aandike mwenyewe anachotaka, kisha Mwajabu anakisoma kwa sauti, herufi moja moja, kidole kikifuata mstari. Wenye haraka wananuna. Muuza mtama mmoja aliwahi kumuuliza kama alisomea ukarani wa mahakama. Kibanda chake kiko Majengo, nyuma ya soko la Dodoma, na kwa kuwa siku hizi watu binafsi wanaruhusiwa kufungua biashara, hakosi kazi: saluni, duka la dawa, hoteli ya chai. Kusoma kule alijifunza akiwa amekwisha kuchelewa.

Mwaka 1993 alikuwa kidato cha nne katika shule moja ya mjini. Baba yake, karani wa wizara, alikuwa amehamishwa kutoka Tanga, na Kiswahili cha Mwajabu kilikuwa cha nyumbani. Dawati moja naye alikaa Obedi, Mgogo wa Mvumi, ambaye Kiswahili alikikuta shuleni. Ulimi wake haukuwa na r. Alisema "kalibu" na "habali", na darasa zima likamwita Kalibu.

Mkono wake ulikuwa jambo jingine. Shangazi yake alifagia wodi katika hospitali ya misheni na alimletea filamu za eksirei zilizotupwa. Obedi alichora juu yake, akazikata kwa wembe ziwe na matundu ya kupitishia rangi, mbavu za mgonjwa asiyemjua zikionekana kwa mbali chini ya mchoro. Kwenye herufi kama A au R aliacha kijidaraja chembamba, ili tumbo la herufi lisidondoke.

Mwalimu Henry, wa sanaa, aliwapa wawili hao kazi ya mahafali: kitambaa cha marekani cha mita sita cha kutundika ukumbini, na majalada mia mbili ya ratiba. Mgeni rasmi, aliwaambia, ni mwenye kiwanda kipya cha uchapaji, na ameahidi kumchukua mwanafunzi mmoja amfundishe kazi. Mwajabu alikuwa na baba wa kumtafutia pa kwenda. Obedi alikuwa na hilo tu. Akilikosa, anarudi kwenye jembe.

Wakagawana. Kuchora na kukata ni Obedi, maneno na rangi ni Mwajabu. Picha ilikuwa ya kanga, yule ndege, akiruka kutoka ndani ya kitabu kilichofunguliwa, na kila doa la manyoya yake lilikatwa peke yake. Wakapatana pia kwamba hakuna neno litakalokatwa kabla Mwajabu hajalisoma. Obedi ndiye aliyeomba hivyo.

Maneno Mwajabu alimtajia kwa mdomo, wakitoka darasani. Siku mbili baadaye Obedi alimfuata bombani, karatasi mkononi, herufi zimepigwa rula. Mwajabu alikuwa na wenzake.

"Mwajabu, pokea posa," Lydia, mmoja wao, alisema. "Bwana Kalibu kaja."

Wasichana walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwajabu aliichukua karatasi, akaipitishia macho bila kuiona, akairudisha.

"Sawa," alisema. "Kata."

Obedi alikuwa amejitahidi. Kila aliposikia l kichwani mwake, alijiuliza kama si r. KARIBUNI aliipata. Neno la pili hofu ileile ilimpoteza: KARIBUNI MAHAFARI YA KIDATO CHA NNE. Rangi alipaka Mwajabu mwenyewe kwa sponji, lakini anayepaka rangi haoni neno, anaona tundu. Kitambaa kilitundikwa asubuhi ya sherehe, wazazi wakiwa wameanza kuingia.

Mgeni rasmi aliposimama kuhutubia, alikitazama kwanza.

"Mahafari," alisoma polepole. "Kumbe nimealikwa safari, na mimi sikubeba begi."

Ukumbi ulicheka. Kutoka viti vya nyuma wanafunzi wakaanza kuimba: Kalibu, Kalibu. Mgeni akaomba waliofanya kazi hiyo wasimame. Alimsifu kanga kwa dhati, akasema aliyemchora ana mkono. Halafu akauliza maneno ni ya nani.

Obedi alimtazama Mwajabu. Alimtazama kwa muda, na mwalimu mmoja alikuwa amekwisha kukohoa mara mbili kabla kijana huyo hajageuka.

"Ya kwangu," alisema.

"Pole, kijana. Kiwandani kwangu herufi moja ikikosewa, ni kazi ya siku nzima jalalani."

Alimchukua Mwajabu.

Obedi aliondoka kabla pilau halijapakuliwa. Mwajabu alifanya kazi kiwandani miaka minne, akaijua vizuri, akafungua kibanda chake. Barua ya kwenda Mvumi aliianza mara nyingi. Kila mara alikwama kwenye salamu.

Juni iliyopita, msimu wa karanga, alipita kwenye magunia sokoni. Mengine yalikuwa na majina ya wenyewe kwa rangi nyekundu. Matano hayakuwa na herufi hata moja. Yalikuwa na kanga, doa kwa doa, kijidaraja kwa kijidaraja. Kitabu hakikuwepo.

Obedi alikuwa nyuma ya magunia hayo, anashona mdomo wa gunia la sita.

"Umenenepa, Mwajabu," alisema. "Mji unakupenda."

Alimuuliza habari za baba yake, naye akauliza za shangazi. Kisha Mwajabu akasema lile alilolibeba miaka mitano.

"Ile karatasi sikuisoma. Nilikwambia sawa, na sikuisoma."

"Nilijua siku ileile. Macho yako yalikuwa kwa Lydia."

"Mbona hukusema, pale ukumbini?"

Obedi alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Nilikuwa nakusubili wewe."

Mwajabu alitaka amwandikie jina kwenye magunia, bure, hata yakiwa magunia mia. Obedi alikataa kwa upole. Wanunuzi wanamjua kwa kanga wake, alisema, na jina si la lazima. Akajibebesha gunia, akasimama kidogo, mzigo mgongoni.

"Haya. Kalibu Mvumi."

Aliitamka bila kujitahidi, kama anavyoitamka kwa mteja yeyote. Hakumwelekeza njia ya kwake, wala hakutaja siku.