Ng'ombe wa Nyawira

Jirani yangu Nyawira ni mbishi tangu tukiwa wasichana hapa Wamagana. Mwaka jana, alipotolewa uvimbe wa saratani kwenye titi la kushoto, alikatazwa kukata majani ya ng'ombe kwa mkono wa upande huo. Aliitikia vizuri kabisa, kisha akarudi nyumbani kunoa panga.

Mwezi uliopita alikuta tezi imevimba kwapani, upande uleule. Hakulia. Alimfungua ng'ombe wake wa maziwa, akamleta kwangu, akasema nimtunze kwa sababu watoto wake watamuuza hata kabla matanga hayajaisha. Nilipokea kamba huku nimejaa hasira na hofu. Sote tulijua saratani ya titi ikisambaa hupenda kupitia kwapani.

Nilimsindikiza Nyeri akachomwe sindano ya kutoa chembe za tezi, na siku ya majibu nikaenda naye tena. Daktari aliuliza kwanza habari ya kidole cha mkono wa kushoto kilichofungwa kitambaa, ambacho safari iliyopita Nyawira alikificha ndani ya sweta. Nyawira akatazama dirisha.

"Alijikata na panga akikata majani ya nepia," nikasema mimi, maana nilikuwa nimechoka naye.

Daktari akatikisa kichwa. Alitueleza kwamba tezi ni kituo cha askari wa mwili. Wakati mwingine saratani huwarubuni askari hao, kama mwizi anavyomtupia mbwa nyama, nao huiacha ipite, hata huisaidia kusambaa. Ndiyo maana walichunguza kwa makini. Lakini tezi ya Nyawira ilikuwa imejaa askari walio kazini, wakipigana na vijidudu vilivyoingia kupitia kidonda.

"Hatujaona saratani hapa, mama," alisema. "Ni hiyo kidole. Nitakupea dawa, halafu urudi tuangalie tena."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti bila haya. Nyawira yeye aliuliza tu kama dawa hizo zinamezwa pamoja na maziwa.

Tulipofika nyumbani alipita lango lake bila kugeuka, akaenda moja kwa moja hadi zizini kwangu. Alifungua kamba kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ameuweka nyuma kama mtoto mtiifu.

"Nilikuambia uniwekee," akasema. "Sikusema nimekupea."

Nilikuwa nimeshamzoea yule ng'ombe, na maziwa yake pia. Niliwafungulia lango huku machozi yakinitoka, nikamwambia kuanzia kesho majani nitakata mimi.