Miguu ya Feruzi Ndani ya Mtumbwi wa Mawese

Saa mbili asubuhi, Rumonge. Feruzi yumo ndani ya mtumbwi mkuukuu usiokwenda ziwani tena, anakanyaga chikichi zilizochemshwa. Mafuta mekundu yanamfika vifundoni. Mikono ameiweka mgongoni, wala hatelezi. Kutwa nzima ya kazi hii humpatia kibuyu kimoja cha mawese, lakini leo akili yake haiko kwenye mawese. Kila anayepita njiani, yeye hugeuka kumtazama.

Anamngoja Athumani.

Kesho kutwa ni Idd, na kama kila Idd, wanaume watafunga viganja kwa vitambaa vya merikani wapigane ngumi. Feruzi, anayekaribia miaka hamsini, atapambana na Athumani, mpagazi anayebeba mizigo miwili peke yake, na mwanafunzi wake wa zamani. Wamepatana mbele ya watu: Feruzi akianguka, hafundishi tena. Akibaki wima mpaka ngoma inyamaze, wababe wote watarudi kwake kujifunza upya.

"Zamani mutu munene alijua kukwepa," Feruzi anawaambia wanawake wanaochambua chikichi kando ya mtumbwi. "Sasa iko anasimama tu kama mlango. Anapigwa, anapiga. Ile si ngumi, ni kutwanga mihogo."

Tangu Wadachi, yaani Wajerumani, waanze kutafuta wapagazi, unene umekuwa sifa, na mwenye kifua haoni haja ya kusumbua miguu. Wanafunzi kumi na wawili wa Feruzi wamebaki wawili, tena wembamba.

Idd iliyopita Athumani alimtwanga Bakari, mvuvi wa Magara, na mpaka leo Bakari hasikii kwa sikio la kushoto. Watu walishangilia. Majuto ni mjukuu, na ya Feruzi hayamwachi alale.

"Nilipiga makofi," anasema. "Mimi, mwalimu."

Mara Athumani anatokea, mzigo kichwani.

"Amahoro, fundi."

"Amahoro. Tua mzigo, uingie humu. Hatua kumi tu, bila kuanguka."

Athumani anacheka, anaingia. Hatua ya tatu, kitako ndani ya mafuta. Wanawake wanaangua kicheko. Anajitwika mzigo wake na kuondoka bila kuaga, mafuta yakimchuruzika miguuni.

Sikuzani, mke wa Feruzi, aliye kati yao, hacheki.

"Sasa umemutia hasira. Na wewe iko muzee. Atakuua."

"Sitamupiga hata ngumi moja," anajibu Feruzi. "Nataka apige hewa mbele ya watu wote, mpaka aulize mwenyewe nimepita wapi."

"Na akikupata?"

Feruzi anakanyaga kwa haraka zaidi. Mikono imetoka mgongoni.

"Akinipata, nimelipa sikio la Bakari. Asiponipata, unisaidie kutafuta mutumbwi mwingine. Huu hautawaenea wanene wote watakaokuja kufundishwa miguu."