Filimbi Fupi ya Fundi Kassim

Hadi leo, nikipita mahali fundi anapotoboa mti kwa chuma cha moto, mdomo hunikauka. Ni harufu tamu kidogo mwanzoni, halafu inachoma koo. Watoto wangu huziba pua na kucheka. Mimi husimama tu, nao hunivuta mkono wakidhani nimesahau njia.

Nilikuwa na miaka minane. Vita tulikuwa tumevizoea kiasi kwamba tuliweza kutofautisha risasi za mbali na za karibu huku tunakula. Tulikaa mtaa wa Buyenzi: mama, kaka yangu Saidi, na mimi. Saidi alikuwa na miaka kumi na saba, naye alipiga filimbi. Yake ilikuwa ndefu, ya mti mweusi, yenye sauti nzito kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Alipokuwa anaoga niliiiba, nikanyoosha vidole mpaka vikauma. Nawaambia ukweli, tundu la mwisho sikulifikia hata siku moja. Niliambulia mlio wa birika linalochemka.

Mchana mmoja Saidi aliifunga filimbi ndani ya kitenge, akaiweka kwapani, akaenda mtaa wa Buterere kupiga kwenye harusi. Hakurudi. Kesho yake majirani walikuja wakaongea na mama nyuma ya nyumba, kwa sauti ya chini. Walipoondoka aliniambia, "Kaka yako amevuka mpaka, yuko Uvira. Atakawia." Aliyasema hayo akiosha sufuria iliyokuwa safi tayari.

Nilimwamini. Nikaanza kupuliza kila kitu, kalamu za biki, vikonyo vya majani ya mpapai, ili Saidi akirudi tupige pamoja. Kila siku nilimsumbua mama aninunulie filimbi kama ya kaka. Miezi ikapita, na asubuhi moja akanivalisha gauni safi, akanipeleka kwa Fundi Kassim, mtaa wa Asiatique. Fundi huyo alichonga miguu ya viti na michi ya kutwangia, na filimbi ya Saidi aliitengeneza yeye, akiitoboa matundu kwa chuma cha moto.

Alipanga filimbi tatu mezani, ndefu, ya kati na fupi. Akanifuta viganja kwa aproni yake, akavilaza juu ya mti.

"Leta vidole, mama," aliniambia. "Usinyooshe sana. Ukinyoosha, nyama ya kidole inainuka, pumzi inatorokea pale."

Niliikimbilia ile ndefu. Akacheka. "Iyi itakupiga yenyewe!"

Akanipa ya kati. Kila kidole kilikaa juu ya tundu lake bila kulazimishwa. Nikapuliza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sauti ikatoka nzima, imenyooka, hata mpita njia akageuka.

"Iyi ndiyo yako," alisema fundi. "Na mwaka kesho bado itakuwa yako."

"Apana," mama akasema. "Umupe ile fupi."

"Mama Saidi, ile ni ya mutoto wa miaka mine. Vidole vyake vitabanana."

"Vibanane. Nataka yenye kuingia mu mufuko wa gauni."

Fundi alimtazama. Akaiondoa ile ya kati mezani bila kuniangalia. Nililia mpaka barabarani.

Tukiwa njiani, vijana wenye silaha walikuwa wamefunga kamba kukata barabara. Mmoja aliitoa filimbi mfukoni mwangu, akaigeuzageuza, akaipuliza. Ikalia kama kifaranga. Wenzake wakacheka, naye akanirudishia. "Pita, mwanamuziki."

Hatua chache mbele mama alikaa chini, kando ya mtaro, na kitenge chake kizuri, akanishika goti.

"Umeona?" nilimwambia. "Hata wao wanaicheka."

Akasimama, akakung'uta kitenge, akanivuta mkono.

Niliichukia filimbi ile. Vidole vyangu vilisukumana juu yake kama watu wanaogombania maji bombani. Mara mbili niliitupa mtaroni, na mara mbili mama aliiokota, akaiosha, akaipaka mafuta ya mawese, akailaza juu ya mto wangu. Majuma matatu sikumsemesha.

Nilikuwa mtu mzima, vita vimekwisha, mama aliponieleza. Tulikuwa tunachagua maharage. Saidi hakufika harusini. Kwenye kizuizi cha barabarani, wenye silaha waliona kitu kirefu, kigumu, kimefungwa ndani ya kitenge. Wakamwambia akitupe. Yeye akaanza kukifungua, awaonyeshe kuwa ni filimbi. Hawakungoja.

"Yule fundi alisema kweli," mama aliniambia. "Ile ya katikati ndiyo ilikufaa. Lakini kila ningekuona nayo barabarani, ningeona bunduki."

"Basi kwa nini ulininunulia, mama?"

"Ulikuwa unalilia filimbi. Nilikuwa nimebaki na mutoto mumoja. Ningemunyima?"

Aliendelea kutoa vijiwe kwenye maharage. Mimi niliyakumbuka yale majuma matatu, nilipokuwa napita mbele yake nimenuna, nikidhani namwadhibu kwa kunichagulia vibaya. Alikuwa amefiwa na mwanawe, na ndani ya nyumba ile hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye isipokuwa mimi.